Kukana na Kuuliza katika Kauli ya Kutendwa

Habari ya tendo huweza kuletwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza humtanguliza mtendaji: mlinzi alifunga mlango. Njia ya pili hutanguliza kilichotendwa, na mtendaji huwekwa nyuma au huachwa kabisa: mlango ulifungwa. Njia hii ya pili ndiyo kauli ya kutendwa. Ina heshima yake na ina hila yake. Karani huipenda, hakimu huihitaji, na mtoto aliyevunja kikombe huikimbilia. Naye akiwa mwerevu zaidi hasemi kikombe kimevunjwa, husema kimevunjika, kana kwamba kikombe kilijivunja chenyewe.

Ewe msomaji kijana, kauli hii utakutana nayo kila siku katika Kiingereza cha vitabu, cha barua za serikali na cha barazani. Kuitambua ikiwa imesimama peke yake si kazi ngumu. Ugumu huanza pale inapotakiwa kukanwa au kuulizwa. Katika miaka niliyosimama mbele ya ubao nimewaona wanafunzi wengi wakiivuka mito mikubwa ya lugha hiyo, kisha wakateleza katika kijito hiki. Sababu si uvivu. Sababu ni kwamba lugha zetu hulifanya jambo hili kwa namna nyingine.

Litazame neno letu moja tu: haukufungwa. Ndani yake mna “ha” ya kukana, “u” ya mlango, “ku” ya wakati uliopita, mzizi “fung”, na “w” ya kutendwa. Mambo yote yamekaa nyumba moja. Tukitaka kuuliza, twapandisha sauti, au twatanguliza “je”, na neno lenyewe haliguswi: Je, mlango ulifungwa? Kiingereza hakikujaliwa nyumba kubwa namna hiyo. Mambo yake hukaa mbalimbali, kila moja katika kibanda chake: “The door was locked.” Hapa “was” ni kitenzi kisaidizi, nacho hubeba wakati, “locked” ni umbo la tatu la kitenzi, nalo hubeba tendo.

Kwa kuwa kisaidizi kipo tayari, kukana ni kazi nyepesi. Weka “not” nyuma yake: “The door was not locked.” Kuuliza nako ni kazi nyepesi. Kivushe kisaidizi mbele ya mlango: “Was the door locked?” Basi hapo ndipo mwanafunzi hujitafutia taabu isiyokuwapo. Amezoea kuuliza “Did the watchman lock the door?” na kukana “The watchman did not lock the door.” Basi huichukua “did” akaileta katika kauli ya kutendwa, akaandika “Did the door locked?” Hilo si sahihi. Katika maelezo na maswali, “do” na jamaa zake huitwa pale tu ambapo sentensi haina kisaidizi chochote. Kauli ya kutendwa iliyoundwa kwa “be” haikosi kisaidizi hata siku moja. Mgeni wa kusaidia aitwe kwa nini? Katika kukataza huitwa, kama katika “Do not be frightened.”

Huenda ukauliza: je, visaidizi vikiwa viwili au vitatu? Kanuni haibadiliki. Kisaidizi cha kwanza ndicho hufuatwa na “not”, na ndicho huvuka mbele katika swali. Vingine hubaki mahali pao. Hivyo “The door has been locked” hukanwa “The door has not been locked”, na huulizwa “Has the door been locked?” Hata msafara mrefu kama “The door should have been locked” una kiongozi mmoja tu: “The door should not have been locked”, na “Should the door have been locked?” Ajuaye kumshika kiongozi hahitaji kuwafukuza wafuasi.

Maneno ya kuulizia, kama “when” na “why”, hutangulia kisaidizi: “When was the door locked?” “Why was the door not locked?” Lakini neno la kuulizia likiwa lenyewe ndilo lililotendwa, hakuna kinachovuka: “Who was punished?” “What was stolen?” Na ukitaka kumjua mtendaji aliyefichwa, sema kwa adabu ya maandishi “By whom was the door locked?” au kwa mazungumzo “Who was the door locked by?” Usiiache ile “by” hapo mwisho. Ukiiacha, umeuliza swali lisilo na mkono wa kushika jibu.

Sasa nikuonyeshe kwamba mambo haya si ya mtihani peke yake. Katika shule moja palikuwa na mvulana aliyetunza ufunguo wa kabati la vitabu. Vitabu vilipokosekana, aliitwa mbele ya mwalimu, akaulizwa: “Were the books not returned?” Mvulana akajibu “Yes.” Katika lugha yake alikuwa amesema kweli, maana sisi husema: ndiyo, havikurudishwa; twakubaliana na maneno ya muulizaji. Lakini katika Kiingereza “yes” hufuata tendo, haimfuati muulizaji. Jibu lake lilisikika kwamba vitabu vilirudishwa. Ikiwa vilirudishwa, na ufunguo ulikuwa naye, mwizi ni nani? Alikuwa karibu kurudishwa nyumbani kwa aibu, hata mwalimu mwingine akashauri aulizwe upya pasipo “not”: “Were the books returned?” Akajibu, “No, sir. They were not returned.” Wakatafutwa waliokuwa wameviazima, vikapatikana kwao. Tangu siku ile huwaambia vijana: ukiulizwa swali lenye kikanushi, usijibu kwa neno moja. Jibu kwa sentensi nzima, nayo itakulinda.

Pana hatari nyingine ya kuangalia. Ukisema “The door was not locked by the watchman”, umekana kitu gani? Pengine mlango ulikaa wazi usiku kucha. Pengine ulifungwa, lakini na mtu mwingine. Kiswahili chetu nacho kina utata huu huu: mlango haukufungwa na mlinzi. Mwenye kusema kweli aongeze maneno hata maana iwe moja, kama vile “The door was locked, but not by the watchman.” Mwenye kusikia naye asione haya kuuliza zaidi.

Lakini usidhani kwamba kumficha mtendaji ni uovu siku zote. Ibara ya 30 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hukataza mtu kuwekwa katika utumwa, na katika Kiingereza katazo hilo limeandikwa kwa kauli ya kutendwa yenye kikanushi. Mtendaji hakutajwa. Kwa nini? Kwa sababu angetajwa mmoja, wengine wangedhani wameruhusiwa. Kwa kutomtaja yeyote, sheria imewafungia mlango wote, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini. Hapo kukana katika kauli ya kutendwa kumekuwa ngao ya mnyonge.

Basi, ndugu msomaji, kauli ni moja, na matumizi yake ni mawili. Aweza kuitumia mwoga ajifiche, na yaweza kutumiwa na sheria iwalinde watu. Utaambiwa maishani kwamba fedha zilitumika, kwamba barua haikupokewa, kwamba jambo fulani liliamuliwa. Ukiwa hujui kuuliza, utakwenda zako na neno hilo hilo ulilopewa. Ukiwa wajua, utauliza kwa upole na kwa sarufi iliyo sawa: lini, kwa nini, na zaidi ya yote, na nani. Jizoeze basi. Chukua sentensi kumi za kutendwa, uzikane zote, kisha uziulize zote, hata kisaidizi kivuke chenyewe bila kusukumwa. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na faida yake itakufuata hata utakapokuwa mzee mwenye kuulizwa na wengine.