Udongo Mkobani, Upungufu wa Damu Mwilini

Ndugu msomaji, mara nyingi nimekuandikia katika ukurasa huu juu ya chakula bora. Leo yanipasa nikiri kosa. Wakati nikiwahimiza akina mama wenzangu wale vizuri, mimi mwenyewe nilikuwa mja mzito asiyejitunza.

Ilikuwa mimba yangu ya pili. Asubuhi niliondoka nyumbani Magomeni nikiwahi basi, sijatia kitu kinywani. Mchana kazini nilikunywa chai ya rangi kwa maandazi mawili. Jioni nilirejea nimechoka, hata harufu ya mboga ikanichefua. Kitu kimoja tu sikukikinai: vipande vya udongo, vile viitwavyo pemba, vinavyouzwa sokoni. Nilivificha mkobani nikavitafuna kwa siri, kama mtoto adokoaye sukari.

Mwezi wa saba nilianza kuhema nikipanda ngazi, na nikisimama ghafula macho yaliingia giza. Nilidhani ndiyo mimba yenyewe. Kliniki walipopima damu wakakuta gramu 8 kwa desilita, ilhali mja mzito wa miezi hiyo hatakiwi kuwa chini ya 11. Muuguzi mmoja wa makamo akaniuliza:

"Mwanangu, mchana unakula nini?"

"Chai na maandazi, mama."

"Na udongo je?"

Niliinamisha kichwa. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba mwanamke mwenye upungufu wa damu, akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumwokoa. Nyumbani nilikuwa nimemwacha mtoto wa miaka mitatu. Nilimfikiria njia nzima.

Tangu siku ile nilijifunza mambo ambayo stashahada yangu ya uandishi haikunifunza. Chai ina kitu kinachoyashika madini ya chuma yaliyomo katika chakula, mwili usiyapate. Kwa hiyo yafaa ipishane na mlo kwa saa moja au zaidi. Udongo nao huweza kuyashika vivyo hivyo, tena huweza kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Hamu ya kuula mara nyingi huandamana na upungufu wenyewe wa damu. Basi mama huyo asichekwe, apimwe.

Chakula kinachofaa si cha anasa. Nenda sokoni utakikuta: maharage, mchicha, matembele, dagaa. Chuma cha mboga na maharage huingia mwilini kwa shida, lakini kipande cha samaki au nyama, ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, au chungwa baada ya kula, hukisaidia. Dagaa waliwao na mifupa yao humpa mama madini ya chokaa.

Mama mkwe wangu alikuwa amenikataza mayai, akihofia mtoto angezaliwa hana nywele. Sikubishana naye. Nilimwomba anisindikize kliniki, akayasikia mwenyewe kwa yule muuguzi. Kesho yake asubuhi alinichemshia mayai mawili, akasimama mlangoni mpaka nilipoyamaliza.

Hata hivyo, nisikudanganye. Chakula peke yake hakikutosha kurudisha damu iliyokwisha kupungua. Nilimeza vidonge vya chuma na foliki kila siku, nikatumia dawa ya kuzuia malaria niliyopewa kliniki, na nikalala ndani ya chandarua. Laiti ningalikwenda mapema! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Mimi nilingoja hadi macho yaingie giza.

Nanyi akina baba, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mume wangu alianza kupitia sokoni akitoka kazini, akaleta fungu la dagaa na machungwa. Ndoo za maji akazichota yeye, nami nikapata kupumzika.

Nilijifungua salama mtoto wa kike. Wewe mama unayesoma haya, kikombe cha chai kando ya sahani yako na kipande cha udongo mkobani, usione haya kama nilivyoona mimi. Kisogeze kikombe, umalize chakula chako kwanza, na kesho asubuhi uende kliniki.