Njia Mbili za Intaneti Katika Nyumba Moja



Mwaka huu zamu ya kuandika imeiangukia nyumba yetu ya Portsmouth, wala sikuhangaika kutafuta la kusema. Tangu harusi ya Leicester kila jamaa ninayekutana naye huniuliza swali lile lile: ni kweli kwamba unalipia intaneti mara mbili kila mwezi, na kwa nini? Mashemeji wamenitania kwamba nimekuwa tajiri. Basi nataka niwajibu nyote kwa pamoja, maana jambo lenyewe si la anasa, na naona nyumba nyingi za kwetu zitalihitaji, khasa zile zenye wazee.

Sisi watu wa Unguja tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Wengi wenu mnakumbuka mwezi wa Mei 2008, njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikaharibika tena, na safari hiyo umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Njia ilikuwa moja tu. Waya mpya, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Sisi tuliokuwa huku tulipeleka fedha za jenereta na za mafuta, na kila barazani palisemwa neno hilo hilo: mbona hapakuwa na njia ya pili?

Nyumbani kwetu tuko watu sita: mama yangu, aliyetimia miaka 83, mke wangu, watoto wetu watatu, na mimi. Kwa miaka mingi mama alikuwa na simu yake ya waya chumbani. Simu ile ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu cha mtaa, kwa hivyo hata taa za nyumba zikizimika yeye aliweza kupiga. Uingereza inaziondoa simu za namna hiyo, na mwisho uliowekwa ni Januari 2027. Sisi tulihamishwa mapema. Sasa simu ya mama imechomekwa nyuma ya kisanduku cha intaneti, na kidude anachokivaa shingoni, cha kubonyeza akianguka, nacho hupita humo humo. Maana yake ni kwamba intaneti ikikatika, mama hana simu wala hana kidude. Hilo ndilo lililoniondolea usingizi.

Lilikuwapo na la pili. Mama mdogo alikuwa mgonjwa Unguja, na kila siku saa kumi na nusu za jioni kwa saa za hapa, ambapo kwao magharibi imeshaingia, mama alikuwa akizungumza naye kwa picha kwenye tableti. Hawa ni ndugu wawili waliobaki katika tumbo la watu wanane. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kawaida tu, bei ya pweza, nani kaolewa, nani kapita kumjulia hali mgonjwa, lakini yakikatika katikati mama alikuwa hali chakula cha usiku vizuri.

Nayo yalikatika sana. Waya wetu unatoka kwenye kabati la kijani lililo pembeni mwa barabara. Mpaka kabatini ni nyuzi za kioo, na kutoka kabatini mpaka kwetu ni shaba ya zamani. Mvua ikizidi, maji huingia mahali fulani ardhini na laini hufa, mara dakika mbili, mara siku nzima. Kampuni ilileta mafundi mara tatu, na kila mara fundi alipofika jua lilikuwa limewaka na waya mzima.

Shemeji yangu mmoja alinishauri ninunue laini ya pili kutoka kampuni nyingine. Ushauri mzuri kwa sura, lakini katika mitaa mingi ya nchi hii makampuni chungu nzima huuza huduma juu ya waya ule ule wa shaba, unaopita mfereji ule ule. Ukinunua laini mbili za namna hiyo umenunua majina mawili, na maji yakiingia yote mawili yatalowa. Kwa hivyo njia yetu ya pili nimeichukua hewani: kisanduku chenye kadi ya simu ya 4G, nimekiweka dirishani juu ya dari, upande unaotazama mnara. Kinatugharimu pauni 16 kwa mwezi. Moja inapita ardhini na nyingine inapita juu, na sababu ya kuua moja si sababu ya kuua nyingine.

Kisha nikanunua ruta yenye milango miwili ya kuingizia. Wengi hudhani hapo kazi imekwisha, kwamba ukiwa na njia ya megabiti 36 na nyingine ya 50 basi una 86. Sivyo. Mimi ni fundi umeme, na umeme ukipewa nyaya mbili hujigawa wenyewe. Intaneti haijigawi hivyo. Mazungumzo yakianza katika njia moja hubaki humo mpaka yaishe. Sababu ni kwamba kila njia ina anwani yake ya nje, kama nyumba yenye milango katika barabara mbili. Benki ikikuona umeingia kwa anwani hii na katikati ya shughuli unajibu kwa anwani nyingine, inakutoa nje, na haki iko upande wake. Upo ufundi wa kuzifunga njia mbili zikawa moja, lakini unahitaji mtambo mwingine huko nje wa kuvipokea vipande kutoka njia zote mbili na kuvipanga upya, na mtambo huo nao hulipiwa kila mwezi. Sikuuona una faida kwetu. Njia mbili humfaa yule mwenye watu wengi wanaofanya mambo mbalimbali kwa wakati mmoja, nasi ndio hao.

Basi suala likawa la nani apite wapi, na hapo ndipo nyumba ilipochemka.

Kwanza ilibidi nijue ni nini hasa kinachoharibu mazungumzo ya mama wakati laini ni nzima. Haikuwa uchache wa kasi. Kuzungumza kwa picha kunataka megabiti moja au mbili kila upande, na sauti peke yake haifiki hata sehemu ya kumi ya moja. Kilichokuwa kikiharibu ni foleni. Laini ya shaba inashusha 36 lakini inapandisha 7 tu, na saa kumi na nusu ndiyo saa watoto wamerudi skuli, simu zao zimeingia nyumbani na kuanza kupandisha picha zote za siku kwenda kuhifadhiwa. Baada ya harusi ya Leicester ilikuwa balaa. Binti yangu alikuwa na video za ngoma zaidi ya mia mbili. Vipande vidogo vya sauti ya mama vilikuwa vinasimama nyuma ya mzigo huo kama mtu mwenye barua moja posta nyuma ya mwenye magunia. Neno linafika, ila linafika limechelewa, na mazungumzo yaliyochelewa ni watu wawili kukatizana maneno.

Kwa hivyo nikatangaza: tableti ya mama, simu yake na kidude chake vitapita njia ya shaba, ambayo ikiwa nzima ni tulivu kuliko ya hewani. Mke wangu, ambaye siku mbili kwa wiki hufanya kazi ya hospitali akiwa nyumbani, naye apite hapo. Televisheni, kuhifadhi picha, na kila kitu kizito kipite hewani.

Mwanangu mkubwa alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezo wake wa kompyuta hauwezi kwenda hewani kwa sababu ya kuchelewa. Nilitaka kumnyamazisha, lakini nilipopima nikaona kijana ana haki. Mchezo wenyewe ukichezwa unatumia kidogo mno. Kinachokula ni kuushusha mchezo mpya, ambao huwa na ukubwa wa kutisha. Nikampa hukumu ya kati: kucheza kupite shaba, kushusha kupite hewani. Ruta inaweza kutenganisha hivyo, kwa kutazama kifaa na mahali kinapokwenda, ingawa iliniketisha usiku mbili kuipanga. Wa pili akasema hiyo si haki, kwa nini bibi awe wa kwanza katika njia zote mbili. Nikamwambia aende amuulize bibi mwenyewe. Hakwenda.

Kweli bibi ni wa kwanza katika zote mbili. Hilo ndilo sharti nililoliandika juu kabisa: ikifa ya shaba, watu wa shaba wanahamia hewani na televisheni na mizigo inafungiwa mpaka wa shaba warudi kwao. Ikifa ya hewani, mizigo haihamii shaba, inangoja.

Sasa ruta itajuaje kwamba njia imekufa? Hili liangalieni vizuri, maana ndipo wengi wanapodanganywa. Ruta nyingi zikiachwa kama zilivyotoka dukani hutazama tu kama modemu inajibu. Modemu inaweza kujibu vizuri sana, iko hapo hapo kwenye meza, kumbe njia imekatika maili mbili mbele. Ni kama kumuuliza bawabu wako kama barabara ya mjini iko wazi. Yangu nimeiambia ibishe hodi mbali, kwenye milango miwili tofauti, kila sekunde tano. Miwili kwa sababu mmoja peke yake unaweza kuwa umefungwa kwa mambo yake. Ikikosa jibu kote mara tatu mfululizo, inahama. Nilipomweleza mama alicheka sana, akasema ruta hiyo imelelewa vizuri, kwani hodi tatu usipojibiwa unaondoka.

Kurudi nako kuna adabu yake. Laini iliyolowa hufufuka na kufa tena, na ukiikimbilia kila inapofufuka utakuwa unawakatia watu mazungumzo kila dakika. Yetu inangojwa iwe nzima dakika kumi. Simu ya mama, kwa upande wake, ilikuwa na tabia ya kung'ang'ania: njia ikihama, ruta iliendelea kukumbuka mazungumzo ya zamani na kuyapeleka kwenye njia iliyokufa. Dawa yake ni kuiamuru isahau mazungumzo yote ya njia ile mara inapohesabiwa imekufa. Jumamosi nne nilichomoa waya kwa mkono, nikatoka nje na kumpigia mama kwa simu ya mfukoni, mpaka nikaridhika. Kidude nacho nilikijaribu, na yule bibi wa zamu aliyeitikia sasa ananijua kwa sauti.

Nisiwafiche mpaka wa haya yote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Nyaya mbili, zenye wenyewe mbalimbali, lakini zikipita mahali pamoja. Njia zangu zote mbili za Portsmouth zilikuwa nzima, ruta inabisha hodi na kujibiwa, na picha ya mama mdogo haikutokea. Mama alikaa na tableti mpaka giza. Ikabidi tumpigie kwa simu ya kawaida, kwa kulipa kila dakika. Mara ya kwanza haikuita, ya pili haikuita, ya nne ikaita. Tangu siku hiyo namba za waya na za mkononi za majirani watatu wa kule zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na nawaomba nanyi mfanye hivyo.

Mama mdogo alituondokea Agosti ya mwaka ule ule. Katika miezi mitatu ile ya mwisho huku kulinyesha vya kutosha, na waya wa shaba ulikufa mara kumi na moja, nimezihesabu katika daftari la ruta. Mara mbili tu kati ya hizo mama alijua, na zote mbili picha iliganda kwa nusu dakika hivi, wakaendelea walipoachia.

Kwa anayetaka kuanza: ulizeni kwanza njia ya pili inapita wapi, kabla ya kuuliza bei. Na msisahau umeme. Modemu, ruta na kisanduku cha juu vyote vinataka umeme, na taa zikizimika njia mbili hufa kwa pamoja. Sisi tumevichomeka vitatu katika betri moja ya akiba, ambayo tulipoijaribu ilidumu saa moja na nusu.

Mwezi wa Julai mimi na mke wangu tunakwenda Unguja kwa wiki tano. Binti yangu amepewa nywila ya ruta na amejifunza kuhamisha njia kwa mkono. Sharti aliloliomba ni moja, kwamba nikiwa sipo yeye ndiye aamue televisheni ipite wapi, nami nimekubali.