Picha Ukutani

Msomaji mpenzi, ukutani mwangu hapa Kakamega imetundikwa picha ya Katharine Hepburn, mwigizaji wa Marekani. Mwaka wa 1951 alikuja Kongo na Uganda kuigiza filamu ya The African Queen pamoja na Humphrey Bogart. Aliugua kwa maji machafu, lakini kazi hakuiacha. Kwa ushupavu huo nampenda. Hata mashua ya filamu ile yatunzwa Key Largo, Florida.

Siku moja mwanangu aliniuliza, "Picha ya nyanya iko wapi?" Nilinyamaza. Mama yangu aliuza mrenda sokoni ili nisome, akafariki bila kupigwa picha hata moja. Msomaji, msifu mgeni astahiliye, lakini aliyekulea mpige picha angali hai.