Faili Lipo, Njia Ndiyo Haipo

Programu ya kompyuta huandikwa kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, kisha hujengwa ili mashine iweze kuitekeleza. Ujenzi huo una hatua zinazofuatana. Kompaila husoma mafaili ya msimbo, huingiza ndani yake mafaili ya kichwa yaliyotajwa, huyageuza kuwa vipande vya lugha ya mashine, na mwishowe kiunganishi huvifunga vipande hivyo pamoja na maktaba zilizoandikwa na watu wengine. Katika kila hatua kuna kitu kinachotafutwa mahali fulani. Kisipopatikana, ujenzi husimama na ujumbe wa kosa hutokea kwenye skrini. Makosa ya aina hii yalikula sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa kumbukumbu hizi, fundi wa programu wa Mombasa aliyeingia katika kazi hii katikati ya miaka ya 1990, na ambaye ofisi yake ya mwisho ilikuwa mwendo mfupi kutoka Barabara ya Mama Ngina, upande ambao meli hupita zikiingia Kilindini.

Mafunzo yake ya kwanza yalikuwa ya Turbo C, kompaila ya kampuni ya Borland iliyotoka mwaka 1987 na kuendelea kutumika kufundishia vyuoni muda mrefu baada ya wakati wake kupita. Ilikuja kwenye disketi, na disketi zilikopiwa kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi aliandika mistari yake michache, akabonyeza kitufe, na jibu likawa kwamba faili la stdio.h haliwezi kufunguliwa. Faili lenyewe lilikuwepo. Turbo C ilitarajia kukuta mafaili yake ya kichwa katika C:\TC\INCLUDE na maktaba zake katika C:\TC\LIB, na aliyeikopi kwenye diski nyingine au kuipa folda jina jingine alikuwa ameyahamisha mafaili bila kuiarifu kompaila. Dawa ilikuwa kuingia kwenye menyu ya mipangilio, sehemu ya saraka, na kuandika njia mpya ya kufikia mafaili hayo. Akimaliza hapo, mara nyingi kosa la pili lilimngoja: kiunganishi kimekosa C0S.OBJ. Hilo ni faili dogo linaloanzisha kila programu kabla ya msimbo wa mwandishi kuanza kazi, nalo hukaa katika folda ya maktaba. Aliyerekebisha njia ya kwanza akaisahau ya pili alipita hatua moja tu.

Mambo mawili yalijifunzwa hapo, na yalibaki kweli kwa kompaila zote zilizofuata. La kwanza ni kwamba kukosa faili la kichwa na kukosa maktaba ni makosa tofauti. Faili la kichwa huieleza kompaila kwamba kazi fulani ipo na jinsi inavyoitwa. Maktaba ndiyo yenye kazi hiyo. La pili ni kwamba ujumbe wa kosa hausemi uongo, ila husema kidogo. Mashine inaposema haikuona faili, maana yake haikuliona pale ilipoambiwa itazame. Swali la kuuliza ni moja: ilitazama wapi, na nani aliyeituma huko?

Kazi ya mshahara ilianza kwenye ofisi za uwakala wa forodha, zile zilizojazana kuanzia Moi Avenue hadi Nkrumah Road, ukingoni mwa Mji wa Kale. Kampuni hizo zilihitaji programu za kutunza namba za makontena, ankara na malipo ya bandari, na chombo kilichotumika sana kuziandika kilikuwa Visual Basic 6 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1998. Fundi aliijenga programu kwenye kompyuta yake, ikafanya kazi vizuri, akaichoma kwenye CD na kuipeleka kwa mteja. Kwa mteja ikakataa kufunguka, ikidai kwamba kijenzi kiitwacho MSCOMCTL.OCX, au kitu ambacho kijenzi hicho hukitegemea, hakikusajiliwa sawasawa.

Tatizo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu limewapotezea mafundi siku nyingi sana. Vijenzi vya aina ya OCX havikuwa ndani ya programu. Vilikuwa mafaili ya pembeni, na Windows haikuvitafuta kwa jina tu bali kwa namba ndefu ya utambulisho iliyoandikwa katika rejesta ya mfumo. Faili liliweza kuwa ndani ya folda sahihi, likaonekana kwa macho, na bado programu ikaapa kwamba halipo, kwa kuwa rejesta haikulitaja au ilitaja toleo jingine. Mfumo wenyewe ulikuwa na amri ya kulisajili, regsvr32. Windows ya biti 64 ilipoingia, wengi walipigwa chenga zaidi: folda iitwayo System32 ndiyo inayohifadhi mafaili ya biti 64, na yale ya biti 32 hukaa SysWOW64. Majina yanaelekeza kinyume, na kijenzi cha zamani kikiwekwa System32 kwa kufuata jina lake hakionekani na programu iliyokihitaji.

Katika ofisi moja, karani wa miaka mingi alisimama nyuma ya kiti akitazama skrini, akasema, “Fundi, mbona jana ilikuwa yafanya kazi?” Swali lake lilikuwa na thamani kubwa kuliko ujumbe wa kosa. Jana yake mtu mwingine alikuwa ameweka programu ya kuchapisha ripoti, nayo ikabadilisha kijenzi kilichokuwa kinatumiwa na zote mbili. Tangu hapo, kuuliza ni nini kilichobadilika kati ya siku ilipofanya kazi na siku ilipokataa kukawa hatua ya kwanza ya uchunguzi, hata kabla ya kugusa kinanda.

Mwaka 2009 ulibadilisha kazi hii Mombasa. Waya wa baharini wa TEAMS, uliotoka Fujairah, ulifika mjini mwezi Juni, na SEACOM ikaanza huduma Julai. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na ya polepole, na kupakua kompaila nzima kulikuwa shughuli ya kupangiwa usiku. Baada ya hapo mifumo ya Linux na programu huria zikawa karibu, na pamoja nazo likaja kundi jipya la makosa.

Kubwa lilikuwa la herufi. Windows haitofautishi Nembo.png na nembo.png. Linux huyaona hayo kuwa mafaili mawili. Mradi ulioandikwa kwenye Windows ukajengwa vizuri kwa mwaka mzima uliweza kuanguka siku ile ile ulipopelekwa kwenye seva, kwa sababu ya herufi kubwa moja. Fundi aliyezoea Windows hutazama orodha ya mafaili, anaona jina analolitafuta, na hulisoma mara tatu bila kuona kasoro. Ushauri wa mwandishi ulikuwa mkali na haukuwahi kulegezwa: majina yote ya mafaili yaandikwe kwa herufi ndogo, bila nafasi, tangu siku ya kwanza ya mradi. Nafasi nayo ni balaa ya peke yake. Folda ya Program Files imevunja hati nyingi za ujenzi, kwa kuwa amri isiyofungiwa njia ndani ya alama za kunukuu huikata njia hiyo penye nafasi na kuanza kutafuta kitu kiitwacho Program tu.

Kundi jingine lilihusu vifurushi. Kwenye mifumo ya Linux ya Ubuntu na Debian, maktaba hugawanywa sehemu mbili: moja ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa, na nyingine, ambayo jina lake huishia na -dev, yenye mafaili ya kichwa ya kujengea. Anayeambiwa kwamba openssl/ssl.h halipo huapa kwamba maktaba ya OpenSSL anayo, na ni kweli anayo. Kinachokosekana ni libssl-dev. Ziko pia hali ambazo ujenzi wenyewe hupita na kosa huzuka wakati wa kuendesha, mfumo ukidai hauwezi kufungua faili la maktaba lenye mwisho wa .so. Amri ya ldd huonyesha kila maktaba ambayo programu inaihitaji na mahali ilipopatikana, na iliyokosekana huonekana wazi. Maktaba iliyowekwa karibuni mara nyingi huhitaji amri ya ldconfig ili mfumo uijue.

Njia yenyewe ni ya aina mbili. Njia kamili huanzia kwenye mzizi wa diski na kutaja kila folda hadi kwenye faili. Njia ya kiasi huanzia mahali amri iliposimama. Aliyeko Ngome ya Yesu akiambiwa afuate barabara hadi Msikiti wa Mandhry atafika, lakini maelekezo yaleyale ya kushoto na kulia, akipewa mtu anayeshuka kwenye feri ya Likoni, yatampeleka pengine kabisa. Ndivyo njia ya kiasi inavyoharibika pale hati ya ujenzi inapoendeshwa kutoka folda ambayo mwandishi wake hakuitarajia. Njia kamili ina ubaya wake pia: huwa sahihi kwenye kompyuta moja tu duniani. Suluhisho lililodumu ni kutumia njia za kiasi zinazopimwa kutoka kwenye folda kuu ya mradi, na kuifanya hati ya ujenzi iitafute folda hiyo yenyewe kabla ya kufanya jambo lolote. Windows kwa muda mrefu iliongeza kikwazo chake: njia iliyozidi takriban herufi 260 haikufunguka, na miradi yenye folda ndani ya folda ilifika huko upesi.

Umeme ulileta makosa ambayo vitabu vya ng'ambo havikuyataja sana. Chombo cha make, kilichoandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha saa za mafaili. Stima ikipotea katikati ya ujenzi, faili la .o, yaani kipande cha lugha ya mashine, huweza kubaki nusu, au tupu kabisa, likiwa na saa mpya. Umeme ukirudi, make huliona faili hilo kuwa limekamilika na kuliruka, kisha kiunganishi kikashindwa kulisoma. Kompyuta za mitumba ziliongeza la pili: betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa hurudi miaka mingi nyuma, na mafaili yote ya msimbo huonekana kama yametoka siku zijazo. Dawa ya yote mawili ni kurekebisha saa, kufuta mazao yote ya ujenzi na kuanza upya.

Bustani ya Mama Ngina ilipofunguliwa upya Oktoba 2019, na sherehe za Mashujaa kufanyika hapo tarehe 20, viti vyake vya kutazama bahari vikawa mahali pa vijana wenye kompyuta za mapajani, baadhi yao wakitoka Swahilipot Hub, kituo kilichoanzishwa mwaka 2016 karibu na Ngome ya Yesu. Hapo makosa yalikuwa ya Android. Kijana mmoja alimwendea mwandishi: “Mwalimu, mwenzangu inamjengea, mimi yanikataa.” Kwenye skrini, Gradle, chombo cha ujenzi cha Android, ilidai kwamba mahali pa SDK, yaani zana za kujengea programu hizo, hapajulikani. Faili la local.properties, ambalo hubeba njia ya SDK ya kompyuta moja na halifai kuingizwa Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, lilikuwa limeingizwa na mwenzake likiwa na njia inayoanza na C:\Users. Kijana alikuwa anatumia Linux. Faili likaondolewa Git na jina lake likaandikwa katika .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha, naye akatengeneza la kwake, na ujenzi ukaendelea. Kinyume chake nacho hutokea: .gitignore iliyoandikwa kwa upana mno huficha faili linalohitajika, na anayepakua mradi hulikosa huku mwenye mradi akiliona mbele yake. CMake, chombo kingine cha ujenzi, ina tabia inayofanana. Faili lake la CMakeCache.txt hukumbuka njia kamili za zamani, hivyo folda ya mradi ikihamishwa ni lazima lifutwe.

Utaratibu ambao mwandishi aliwafundisha vijana ulianza na kosa la kwanza kwenye orodha, kwa kuwa mengi yanayofuata ni uzao wake. Kisha huulizwa hatua iliyoanguka: kompaila, kiunganishi au uendeshaji. Jina la faili hunakiliwa kutoka kwenye ujumbe bila kuliandika upya kwa mkono, na hutafutwa kwenye diski nzima. Likipatikana, tatizo ni njia. Lisipopatikana, ni kifurushi au ni Git. Baada ya hapo chombo cha ujenzi huamriwa kuonyesha kila mahali kinapotazama. Kompaila ya GCC hufanya hivyo kwa alama ya -v, na CMake kwa kuamriwa iandike amri zake zote. Hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati, na ujenzi hurudiwa.

Kilichobaki ni kuandika. Kila kifurushi kilichohitajika, toleo lake, na kila mpangilio wa njia uliobadilishwa viingie kwenye faili la maelezo ndani ya mradi, kwa sababu fundi huhama, huugua, na kompyuta yake huibiwa. Kabla ya kukabidhi kazi, tafadhali pakua mradi wako kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona, fuata maelezo uliyoandika bila kuongeza lolote kutoka kichwani, kisha uujenge hapo.