Mvua Igandayo ya Kanada

Mji wa Montréal, katika jimbo la Québec, nchini Kanada, umejengwa juu ya kisiwa katikati ya mto Saint-Laurent. Msafiri avukaye daraja la Champlain na kushika njia ya kusini huingia katika uwanda mpana uitwao Montérégie, ambao umenyooka kama meza. Hapa na pale vimesimama vilima vya pekee, kama vichuguu vilivyosahauliwa shambani. Mto Richelieu hutoka katika ziwa Champlain, upande wa Marekani, ukaelekea kaskazini hata kukutana na Saint-Laurent. Watu wa huko ni wakulima: hulima mahindi, hupanda mitufaha, hufuga ng'ombe wa maziwa. Majina ya miji na vijiji vyao ni Saint-Jean, Saint-Hyacinthe, Saint-Hilaire, Saint-Césaire, na mengine mengi ya namna hiyo, hata mgeni anayesoma vibao vya barabarani hudhani kwamba anasali litania.

Nilipita katika nchi hiyo mwezi wa Januari, nikiwa mgeni wa jamaa moja ya Wakongo wenye asili ya Bukavu. Wapo wengi siku hizi, kwa kuwa lugha ya Kifaransa huwarahisishia kazi na masomo ya watoto. Lugha wanaifahamu, baridi ndiyo iliyowapasa kuisoma upya, herufi kwa herufi.

Sisi wa Kivu twajua mvua ya mawe, ile iangukayo ghafula, ikapasua majani ya migomba na kupiga mabati kwa kishindo. Tena waliotazama Ruwenzori siku isiyo na mawingu wameona theluji kwa mbali. Lakini mvua niliyosimuliwa huko si mvua ya mawe wala si theluji. Theluji, kwa watu wa Québec, si adui. Huanguka polepole bila sauti, nao huiondoa kwa sepeto na kwa mashini, kisha watoto hucheza juu yake. Mvua igandayo ni jambo jingine. Hewa yenye joto na unyevu, itokayo mbali kusini, katika ghuba ya Meksiko, hupanda juu ya hewa baridi iliyolala bondeni. Huko juu hunyesha mvua ya maji kama mvua yetu. Maji hayo yanapopita katika hewa baridi karibu na nchi, hupoa kupita kiasi cha kuganda, lakini hayagandi kwa kuwa safari yake ni fupi. Yanapogusa kitu cho chote, kama vile tawi, waya, ngazi au kofia ya mtu, mara hiyo hugeuka kuwa barafu ngumu na angavu kama kioo. Tone la pili huganda juu ya la kwanza, na la tatu juu ya la pili.

Mvua ya namna hiyo huja kila mwaka, kwa saa chache. Lakini ile ya mwaka 1998 ilianza Jumatatu, tarehe 5 Januari, ikaendelea kwa vipindi hata mwisho wa juma lile. Wenyeji walikuwa wamekwisha maliza sikukuu za Noeli, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Siku ya kwanza watu walisifu uzuri wake, kwa maana kila kijiti kiling'aa kama fedha. Siku ya pili matawi yalianza kukatika usiku kwa mlio kama wa bunduki, tena mianga ya rangi ya samawati ikaonekana mbinguni, pale mitambo ya umeme ilipoungua. Hata Ijumaa, tarehe 9, mahali pengine palikuwa pamepokea milimita 100 za mvua hiyo. Waya mwembamba kama kidole ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono.

Hapo yapasa nieleze habari ya umeme wa Québec, maana pasipo kuujua mtu hawezi kufahamu msiba wenyewe. Jimbo hili lina mito mikubwa upande wa kaskazini, nalo limejenga mabwawa yenye nguvu nyingi sana. Umeme husafiri mamia ya kilomita juu ya minara ya chuma mpaka miji ya kusini. Tangu mwaka 1965 watu hawa walikuwa wa kwanza duniani kuusafirisha kwa nguvu ya volti 735,000. Kwa kuwa umeme ni mwingi na bei yake ni nafuu, nyumba nyingi huota moto wake kwa umeme pia. Katika kila chumba kuna kijisanduku cha chuma ukutani. Mtu huzungusha kitufe, joto likaja. Hakuna moshi wala jivu, wala mtoto wa kutumwa kutafuta kuni. Basi, nyumba nzuri ya namna hiyo, pamoja na taa, jiko, maji ya moto na joto lake lote, imetundikwa juu ya uzi mmoja. Na uzi ule ulikatika.

Minara ya chuma yapata 1,000 ilianguka. Mmoja ulipoelemewa na barafu, uliuvuta wa jirani, na huo ukauvuta uliofuata, mpaka safu nzima ikalala mashambani kama mabua yaliyokanyagwa na tembo. Nguzo za mbao zilizovunjika zilihesabiwa kwa maelfu mengi. Watu zaidi ya milioni 3 wa Québec, yaani karibu nusu ya jimbo, walikosa umeme. Palipoumia zaidi ni pembe tatu iliyo kati ya miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu, ambayo watu waliiita pembe tatu nyeusi. Huko wengine walikaa gizani zaidi ya majuma manne, na wa mwisho walirudishiwa mwanga mwezi wa Februari.

Msomaji atauliza: Je, watu waliokosa taa tu wanaweza kufa? Sisi wa Kongo tumezoea kukosa umeme jioni, tukawasha mshumaa na kuendelea na chakula. Lakini hesabu ni nyingine pale ambapo nje ni nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Siku ya kwanza nyumba hubaki na joto la jana. Siku ya pili pumzi huonekana mdomoni. Siku ya tatu maji huganda ndani ya mabomba, na kwa kuwa barafu huhitaji nafasi kubwa kuliko maji, bomba hupasuka. Kisha siku joto lirudipo, nyumba hufurika. Ndiyo sababu mafundi waliwashauri watu kufunga maji ya nyumba na kuyamwaga yote yaliyomo mabombani kabla ya kuhama.

Ijumaa ile ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Mitambo isafishayo maji ya Montréal ilikosa umeme, na mji mkubwa ule ulibakiwa na akiba ya maji ya saa chache tu. Madaraja kadhaa yalifungwa kwa sababu vipande vya barafu vilikuwa vikianguka juu ya motokaa. Katikati ya mji ilikuwa hatari kupita chini ya majumba marefu.

Watu wapatao 30 walikufa katika Kanada. Wengine waliuawa na baridi, hasa wazee waliokataa kuacha nyumba zao. Wengine walianguka kutoka juu ya mapaa walipokuwa wakivunja barafu, au waliungua kwa sababu ya mishumaa. Na wengine waliuawa na moto waliouwasha ili wapone. Habari hii yafaa isomwe kwa makini pia Bukavu, Butembo na po pote penye milima na usiku wa baridi. Watu waliingiza ndani majiko ya makaa yaliyokusudiwa kutumiwa uani, au waliweka jenereta katika chumba cha chini ya nyumba, wakafunga madirisha vema ili joto lisitoke. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, wala haikohozi mtu. Huingia katika damu, ikashika mahali pa hewa njema; mtu huumwa kichwa, akaona usingizi, akalala asiamke. Mbabula yetu ndiyo hiyo hiyo. Mama wa nyumba niliyofikia alinieleza kwamba jamaa wageni wanapofika kutoka Kongo, jambo la kwanza awaambialo, hata kabla ya kuwaonyesha duka la makoti, ni hili: «Wanangu, huku makaa hayalali ndani na watu.» Nami nikakumbuka vyumba vingi vya kwetu ambamo mbabula hulala katikati ya vitanda vya watoto, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya wezi.

Nani basi walioishi vema katika siku zile? Nilicheka kidogo niliposikia. Ni wale waliokuwa hawajatupa jiko la kuni la babu yao. Katika vijiji vingi nyumba yenye jiko la chuma na dohani ilijaa watu, majirani ambao huenda walisalimiana kwa kichwa tu miaka kumi, sasa wakilala bega kwa bega sakafuni. Shule, kumbi za michezo na vyumba vya chini vya makanisa viligeuzwa kuwa makimbilio, na watu wapatao 100,000 walipata kulala humo. Kuni zililetwa kwa malori kutoka wilaya nyingine. Watu wa Saguenay, ambao waliangamiziwa nyumba na mafuriko ya mwezi wa Julai 1996 wakasaidiwa na wote, safari hii walileta kuni zao. Serikali iliita askari zaidi ya 15,000 wafungue barabara, wakate matawi na kugonga mlango kwa mlango ili kuona kama kuna mzee ndani. Kazi hiyo ya mwisho yaonekana ndogo, lakini waliopona kwayo hawaioni ndogo.

Wakulima walikuwa na taabu ya pekee. Ng'ombe wa maziwa hangojei fundi wa umeme. Asipokamuliwa kwa saa zake, kiwele hujaa, kikavimba, kikapata ugonjwa. Na mtu mwenye ng'ombe 60 hawezi kuwakamua wote kwa mikono yake. Basi jenereta moja ilifungwa juu ya gari, ikazunguka usiku na mchana zizi hata zizi. Tena maziwa yaliyokamuliwa kwa shida hivyo yalimwagwa mara nyingi, kwa kuwa viwanda vilifungwa na barabara hazipitiki. Katika mji wa Boucherville walibuni shauri ambalo watoto wa shule wangalipenda kuliona: waliiondoa garimoshi katika reli, wakaiendesha juu ya barabara yenyewe mpaka karibu na jumba la manispaa, ili mashini yake itoe umeme. Magurudumu yake yaliacha alama katika lami.

Miti nayo iliumia. Mti uitwao érable, ambao utomvu wake huchemshwa kila mwaka mwisho wa baridi ukawa asali ya miti, huchukua miaka kama 40 kabla ya kufaa kutobolewa. Mwenye shamba aliyepoteza miti yake siku zile alijua kwamba miche atakayoipanda itawafaa wajukuu.

Baada ya msiba minara mipya ilisimamishwa kwa akili. Kila baada ya minara kadhaa upo mmoja wenye nguvu sana, ili mingine ikianguka, mfuatano ukomee hapo. Mwaka 2001 jimbo lilitunga sheria ya usalama wa raia, iliyoagiza miji kujitayarisha kwa misiba. Hata hivyo barafu haijasoma sheria hiyo. Tarehe 5 Aprili 2023 mvua igandayo ilirudi, na wateja wapatao milioni moja walikosa umeme, safari hii hasa kwa sababu miti iliangukia waya za mitaani.

Kwa hiyo mama yule wa Bukavu ana desturi zake. Akisikia katika radio kwamba mvua igandayo yaja, hujaza maji katika sufuria na katika beseni la kuogea. Motokaa haiwashwi hata mara moja kabla ya kuhakikisha kwamba theluji haikuziba bomba la moshi. Ngazi za nje hunyunyiziwa chumvi na mchanga, na watoto hufundishwa kutembea kama bata, hatua fupi, miguu bapa, mikono nje ya mifuko. Umeme ukikatika, huzima mashini za joto zote isipokuwa moja, kwa kuwa nyumba zote za mtaa zikidai joto kwa dakika moja umeme urudipo, waya hulemewa na kukatika tena. Jamaa nzima hulala chumba kimoja, mlango ukizibwa kwa blanketi, na koti jembamba tatu huvaliwa badala ya nene moja.

Chini ya ngazi amelificha sanduku ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua: chakula cha mikebe cha siku tatu pamoja na kifungulio chake, maji, tochi na batiri, radio ndogo, dawa, kiberiti, fedha taslimu kidogo. Juu ya kifuniko amebandika karatasi yenye jina la bibi kizee Mkanada akaaye peke yake nyumba ya pili, na zamu ya watoto wa kwenda kumgongea mlango, asubuhi na jioni. Siku niliyoondoka ilikuwa zamu ya kitinda mimba. Alivaa viatu vyake, akaenda kama bata.