Herufi Kubwa

Dada alinitumia picha saba za barua usiku wa Jumapili, bila salamu. Hilo peke yake lilinitisha. Dada yangu ni mtu wa kuuliza kwanza mama ameamkaje, kama maji yanatoka au bado tunapandisha ndoo mlimani, ndipo aseme lake. Safari hii zilikuja picha tu, moja baada ya nyingine, na mwisho ujumbe mfupi: "Mdogo wangu, wewe ndiye unajua mambo ya barua. Hawa watu wanaweza kunifunga?"

Yeye yuko Leicester, Uingereza, anahudumia wazee majumbani. Mimi niko Igogo, nina kibanda cha steshenari chini ya mlima, pale nyumba zinapoanza kupanda katikati ya mawe. Natoa kopi, nachapa wasifu, risala za harusi, maombi ya kazi. Ukurasa mmoja shilingi 1,000. Nilisomea ualimu, ajira bado. Kwa hiyo mambo ya barua nayajua kama kinyozi anavyojua vichwa: anaviona vingi kila siku, lakini hatibu hata kimoja.

Nikazipanga zile picha kwa tarehe. Barua ya kwanza ilitoka kwa kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya supamaketi fulani. Kamera ya langoni ilisoma namba ya gari lake likiingia na likitoka, na mfumo haukuona malipo. Alitakiwa kulipa pauni 100, au 60 kama angewahi ndani ya siku 14. Ya pili ilimkumbusha. Ya tatu haikutoka tena kwa kampuni ile. Ilitoka kwa wakusanya madeni, na deni lilikuwa limefika pauni 170. Ya nne ilisema hii inaweza kuwa nafasi yake ya mwisho. Ya tano ilisema hii ndiyo ya mwisho. Ya sita na ya saba nazo zilikuwa za mwisho.

Nikampigia. "Dada, siku hiyo ulilipa maegesho?"

"Nililipa. Kwa simu. Pauni mbili na peni arobaini."

Alikuwa anakimbilia kwa bibi mmoja ambaye hawezi kushuka kitandani bila msaada. Mvua inanyesha, vidole vimekufa ganzi, akaandika namba ya gari harakaharaka na kuweka herufi O mahali pa sifuri. Pesa ilikatwa. Ikalipia gari ambalo halipo.

"Sasa mbona hukuwaambia mapema?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi hapa niko kwa viza. Nilidhani nikijibu nitakuwa nimekiri kosa. Nikawa naziweka kwenye droo, chini ya sare za kazi."

Droo ile naijua, ingawa sijawahi kufika Leicester. Hata nyumbani tulikuwa nayo. Baba aliweka humo kila karatasi iliyokuwa na muhuri, akiamini kwamba karatasi isiyosomwa haijafika.

Baada ya simu nilizisoma tena zile barua, polepole. Kilichonikosesha usingizi hakikuwa kiasi cha pesa. Ulikuwa mtindo. Mahakama, hukumu, gharama, rekodi yako ya mikopo: maneno yote ya kutisha yalikuwa kwa herufi kubwa, mengine kwa wino mwekundu. Lakini kila tishio lilikuwa limetanguliwa na neno dogo: "inaweza". Hatua zinaweza kuchukuliwa. Hukumu inaweza kutolewa. Ukiyaondoa makelele, barua haikuwa inasema kwamba jambo lolote limetokea.

Ule ujanja niliutambua haraka kwa sababu nimewahi kuufanya mimi mwenyewe.

Mwaka juzi alikuja kibandani bwana mmoja anayekopesha watu mtaani, wale tunaowaita kausha damu. Alitaka barua kwa mama mmoja mshonaji wa jirani, tuliyemwita Mama Cherehani. Alimkopesha laki mbili, na sasa alidai laki tano na nusu. "Ipe uzito, mwalimu," akaniambia. Nikaipa. Nikaandika NOTISI YA MWISHO juu kabisa, kwa herufi nene. Nikaweka "siku saba", nikaweka "mali zako zinaweza kukamatwa", nikaweka "dalali". Kisha nikatafuta kwenye intaneti picha ya mizani, nikaipachika katikati. Picha ya rangi ilimgharimu shilingi 500 zaidi. Nakumbuka niliishika ile karatasi mbali kidogo na uso, nikajivunia kazi yangu.

Kabla ya wiki kuisha niliona cherehani ikishushwa mlimani, vijana wawili wameibeba, wanatafuta pa kukanyaga kati ya mawe. Baadaye mwenye cherehani naye akahamia kwao Sengerema na watoto. Mimi niliendelea kutoa kopi. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, wateja waliisoma kwa sauti mlangoni kwangu, wakitafuta majina waliyoyajua. Nikacheka nao. Yule bwana hakuwa na programu, alikuwa na daftari la kaunta buku. Sikujiuliza kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inadai leseni hata kwa mwenye daftari.

Sasa deni lilikuwa la dada yangu, ndipo nikajifunza kuuliza. Anayeandika ni nani? Ana mamlaka gani? Karatasi hii imetoka wapi?

Majibu ya Uingereza hayakuwa ya kufichwa. Faini ya halmashauri ni kitu kimoja, na madai ya kampuni binafsi ni kitu kingine, hata kama bahasha zinafanana. Ya kampuni ni madai ya mkataba: ukiegesha, umekubali masharti ya kibao. Si kosa la jinai. Mkusanya madeni si ofisa wa mahakama. Hawezi kuja kuchukua televisheni. Hiyo ndiyo sehemu niliyotamani kumtumia dada palepale, saa saba usiku, ili acheke na kulala.

Lakini kulikuwa na sehemu ya pili. Watu wengi zamani waliambiana: zitupe hizo barua, hazina meno. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya bwana Beavis, aliyepitisha muda kwa karibu saa moja kwenye maegesho ya Chelmsford na kudaiwa pauni 85. Alishindwa. Kampuni inaweza kwenda mahakamani, na nyingine huenda. Ikifika barua ya kusudio la kushtaki, unapewa siku 30 kujibu. Zikija karatasi za mahakama yenyewe, una siku 14 tu za kuonyesha kwamba umezipokea na utajitetea. Ukizitia kwenye droo, hukumu hutolewa bila wewe, na usipolipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rekodi yako miaka 6. Kumbe kosa la dada halikuwa kuogopa barua. Kosa lilikuwa kuziogopa zote kwa kiasi kimoja, kiasi kwamba ile ya kweli ingekuja asingeitambua.

Nikamwambia aende kwanza Citizens Advice, wanaotoa ushauri bure, asiniamini mimi wa Igogo. Walimwambia mambo yaleyale, na moja ambalo sikulijua: kanuni za vyama vya makampuni hayo zinataka kosa dogo la kuandika namba, kama herufi moja, lifutiwe madai mtu anapokata rufaa. Muda wa rufaa ulikuwa umepita, lakini ukweli haukuwa umepita.

Tukaandika usiku mmoja, yeye kule, mimi huku, umeme ukikatika mara mbili. Tuliiandikia kampuni yenyewe, nakala kwa wakusanya madeni. Sentensi sita. Sidaiwi. Nililipa siku hii, saa hii, kiasi hiki. Huu hapa uthibitisho wa benki. Kosa ni herufi moja. Naomba mfute madai. Naomba jibu kwa maandishi. Dada alitaka tuweke "tafadhali sana" na "nawasihi". Nikazitoa. Mimi nilitaka tuweke herufi kubwa. Akazitoa yeye.

Wiki tatu baadaye likaja jibu la mistari minne: madai yamefutwa, kwa nia njema. Hakuna pole. Dada akanitumia picha yake, na safari hii salamu ilikuwepo, ndefu, mpaka kwa kuku.

Siku hiyohiyo nilitafuta namba ya Mama Cherehani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yakanipotea alipoitika kwa furaha. Nikasema moja kwa moja: ile barua niliichapa mimi, ile mizani niliiweka mimi, haikutoka mahakamani.

"Nilijua ni wewe uliyechapa," akasema. "Printa yako ina ule mstari mweusi pembeni. Ndiyo maana nikauza cherehani, mwanangu. Nilisema, kama mwalimu ndiye kaichapa, basi ni kweli."

Sikuwa na la kujibu. Nikamuuliza kama yule bwana bado anamdai. Anamdai, akasema, cherehani haikutosha, na kila mwezi anapiga. Nikamuuliza kama barua bado anayo.

"Ipo. Niliificha."

"Nitumie, mama. Na kila ulichowahi kumlipa, hata kama uliandika nyuma ya kalenda."

Picha ikaingia, bila salamu. Nikaipanua mpaka ule mstari mweusi wa pembeni ukaonekana wazi, nikatafuta tarehe.