Askari wa Televisheni na Askari wa Kweli



Ukipita mitaani mwetu Sumbawanga baada ya sala ya Isha, wakati baridi ya Ufipa imekwisha wakusanya watu ndani, utasikia televisheni zikisema katika nyumba nyingi. Na katika michezo inayopendwa sana na vijana ni ile ya polisi na wapelelezi. Wazee wengi hutaka kujua jambo moja tu juu ya michezo hiyo: Je, mna uchi ndani yake? Wakiambiwa hamna, huridhika wakaendelea na mazungumzo yao. Swali hilo ni jema, wala silipingi. Lakini liko swali la pili ambalo halipewi haki yake, nalo ni hili: Je, mtu huyu tunayeonyeshwa aaminika? Yaani, lau angelikuwa hai, angelisema hivi na kutenda hivi? Maana picha ya uchi mtoto huijua kuwa ni mbaya, akainamisha macho. Lakini uwongo uliovikwa nguo za askari huupokea kama elimu.

Sisi wa Bara tulichelewa kuipata televisheni. Unguja walikuwa nayo tangu mapema katika miaka ya 1970, na huku Bara tukangoja hata mwaka 1994. Vijana wa siku zile walizijua filamu za polisi katika vibanda vya video, ambamo wafasiri kama Lufufu walisema kwa Kiswahili juu ya sauti za wageni, wakaongeza na yao. Kwa hiyo askari wa kwanza wa michezo ambaye wengi walimwona alikuwa mtu wa mbali, mwenye bastola mkononi, asiyeandika neno wala kuomba ruhusa ya mkubwa wake.

Hata hivyo, katika vitabu tulikuwa tumekwisha mpata wetu. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyekuwa mhariri wa magazeti, alitoa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akatujulisha kwa Bwana Msa na kiko chake, rafikiye Najum, na Inspekta Seif. Kila mtu ajua kwamba Bwana Msa alifuata nyayo za Sherlock Holmes wa Waingereza. Lakini msomaji humwamini, kwa sababu mambo yake huyafikiri mbele yetu, nasi twaweza kumfuata hatua kwa hatua na kumpinga tukitaka. Tena kitabu kimoja katika vyake, cha mwaka 1984, mwandishi alikiita Kosa la Bwana Msa. Mtazame mwandishi huyo: hakuona haya kulitaja kosa la shujaa wake juu ya jalada. Linganisha na Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye risasi humpita na maadui humwangukia. Huyo twamfurahia kama tufurahiavyo hadithi za majitu, lakini hapana mtu awezaye kumwuliza njia.

Hapo ndipo ilipo maana ya kuaminika. Haitupasi kudai kwamba kila jambo liwe limetokea. Wamarekani walikuwa na mchezo wa Columbo, ulioonekana mara ya kwanza mwaka 1968, akicheza Peter Falk. Visa vyake si vya kawaida hata kidogo. Wauaji wake karibu wote ni matajiri na werevu. Lakini mtu mwenyewe, kwa koti lake lililokunjamana, na adabu yake, na desturi yake ya kurudi mlangoni kuuliza swali moja lililobaki, ni mtu tunayeweza kukutana naye sokoni. Kisa chaweza kuwa cha kubuni kabisa, na mtu akawa wa kweli.

Kinyume chake ni mchezo wa CSI, ulioanza huko huko Marekani mwaka 2000. Humo unywele mmoja huokotwa, ukapimwa, na kabla ya mchezo kwisha jina la mwuaji limekwisha patikana. Waendesha mashtaka wa huko wakaanza kulalamika kwamba raia wanaoitwa mahakamani kuamua kesi sasa wadai vipimo kama vile walivyoviona kwenye mchezo, hata pasipo haja navyo. Kwetu vipimo vya vinasaba vina sheria yake ya mwaka 2009, na kazi hiyo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ikitoka Sumbawanga kwenda katika maabara iliyoko Dar es Salaam, kwa njia ya Tunduma na Mbeya, husafiri zaidi ya kilometa 1,000. Kijana asiyelijua hilo, akiona kesi ya jirani yake yakawia, atasema mara moja kwamba askari wamekula rushwa. Huenda wamekula, na huenda hawakula. Lakini televisheni imemnyima subira ya kuuliza.

Katika watoto ninaowasomesha wamo watoto wa askari, na baba zao huja kunisalimu. Mmoja wao, mtu wa mwambao aliyehamishiwa kwetu, aliniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kuandika, na sehemu ya pili ni kungoja. Huandika maelezo ya shahidi, humsomea, humtia sahihi au dole gumba, kisha hungoja shahidi mwingine ambaye amekwenda shambani. Bibi kizee wa kijijini atoa ushahidi kwa Kifipa, na askari hakijui. Yatakiwa mkalimani, na mkalimani huenda akawa ni jamaa wa mshtakiwa. Je, katika michezo yote mliyoitazama mmepata kuona jambo hilo? Nalo ndilo litokealo kila siku Laela, Matai na Namanyere.

Wenzetu wa Kenya wametukaribia zaidi. Katika Vioja Mahakamani, mchezo wa kuchekesha wa siku nyingi, mtu huingia kizimbani na Kiswahili cha kwao, chenye lafudhi ya kabila lake, na kwa lafudhi hiyo tu mtazamaji humjua ametoka wapi na aogopa nini. Na mwaka 2021 walitoa Crime and Justice, wakicheza Sarah Hassan na Alfred Munyua kama wapelelezi wa Nairobi, na visa vyake vilifuata mambo yaliyosemwa katika magazeti ya nchi. Mchezo uliotungwa karibu na nyumbani una faida hii, kwamba mtazamaji aweza kuusahihisha. Uwongo juu ya Los Angeles sisi hatuwezi kuujua. Uwongo juu ya kituo cha polisi cha mjini kwetu mtoto wa askari ataucheka.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika uwongo wote wa michezo hii, ulio mbaya kuliko wote ni juu ya kukiri. Mpelelezi hupiga meza, humkaripia mtuhumiwa, pengine humpiga kofi. Mtuhumiwa hulia na kukiri. Muziki hupigwa, na mchezo umekwisha.

Mwaka jana chuoni kwangu zilipotea shilingi 20,000 zilizochangwa kununua juzuu. Mimi nilikuwa nimekwenda mazikoni. Niliporudi niliwakuta vijana wakubwa wamefanya kituo cha polisi: mmoja ni inspekta, wawili ni askari, na mtoto wa miaka tisa ameketishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamemwiva kwa kulia. Wakaniambia kwa furaha kwamba kesi imekwisha: mtoto amekiri kwamba alizichukua akazitupa chooni. Nikamshika mkono nikamtoa nje. Kabla ya Alasiri akaja mama mmoja na bahasha. Binti yake alikuwa ameichukua nyumbani ndani ya msahafu wake bila kujua. Nikamwuliza yule mtoto, “Mwanangu, kwa nini ulikubali?” Akajibu, “Maalim, niliona hawaniachi mpaka niseme, nikasema.” Nikamwuliza na inspekta, “Wewe ulijuaje kwamba ni yeye?” Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, “Si amekiri, Maalim?”

Kijana huyo si mkatili. Ni mwanafunzi mwema aliyefundishwa vibaya na mwalimu mwingine, aliyemo sebuleni. Hakujua kwamba hata sheria ya nchi haikubali kukiri kwa namna ile. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yataka maungamo yatolewayo kwa polisi yawe ya hiari, pasipo vitisho wala ahadi. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka saa nne kuwa muda wa msingi wa kumhoji mtu aliyezuiwa, ili asichoshwe mpaka aseme lolote. Watunga sheria walijua lile alilolijua mtoto wa miaka tisa: mtu aliyebanwa husema ili aachwe.

Nasi tuna mfano wa kisa kilichosimuliwa kwa haki, nacho ni kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam. Ndugu zake walileta kanzu yenye damu, na wafasiri wametaja kwamba walisahau kuirarua, na baba yao hakudanganyika. Kisha katika nyumba ya bwana wake kanzu ikawa shahidi tena: ikatazamwa imechanwa mbele au nyuma, na kwa hilo mkweli akajulikana. Lakini kisa hakikuishia hapo. Baada ya dalili kuonekana, wakubwa wale waliona bora Yusuf afungwe, akafungwa. Mchezo wa televisheni ungelikoma kwenye kanzu, watu wakapiga makofi. Kisa cha kweli chatuonyesha pia kwamba ushahidi waweza kujulikana, na mwenye haki akalala gerezani, kwa sababu watu waogopa aibu.

Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba jina la mji wetu, kwa Kifipa, hufasiriwa kuwa ni kuutupa uchawi. Pamoja na jina hilo, mkoa wetu umepata kuona wazee wakiuawa kwa dhana tu, kwa sababu macho yao ni mekundu au kwa sababu mtoto wa jirani amekufa. Televisheni haikuileta dhana hiyo. Ilikuwako kabla yake. Lakini mchezo unaomfundisha kijana kwamba mjuzi hutambua mwovu kwa kumtazama, na kwamba kipigo hutoa ukweli, waikuta dhana imekwisha lima shamba, nao wapanda mbegu.

Basi sisemi mzime televisheni zenu. Ketini pamoja na watoto, na mchezo ukiisha waulizeni maswali matatu. La kwanza: Mpelelezi huyu alijuaje? La pili: Ni nani ambaye hakusikilizwa? La tatu: Lau angelikuwa amekosea, ni nani angelilipa? Mchezo mzuri utayastahimili maswali hayo na kuzidi utamu. Mchezo mbaya utaanguka, na mtoto mwenyewe ataliona anguko lake, bila ya kupigiwa kelele. Na siku atakapoambiwa kwamba fulani ni mwizi, au bibi fulani ni mchawi, huenda akauliza lile la kwanza kabla ya kuokota jiwe.

Wabillahi taufiq.